Nilirudishiwa 19,400, nikalipa 42,000

Dada yangu mkubwa ni mhasibu. Jumapili moja jioni alikaa mezani kwangu na kalamu mbili, moja ya bluu na moja nyekundu, akaniambia nimletee taarifa zote za kadi zangu za mkopo, mwezi kwa mwezi, tangu siku ya kwanza. Nikamchapia zote: kadi mbili, miezi 14. Kwa bluu alizungushia kila mahali palipoandikwa kwamba nimerudishiwa pesa. Kwa nyekundu alizungushia riba, ada, faini na tozo. Karibu saa nzima hakusema neno. Mimi nilikuwa naosha vyombo, na kila nikigeuka naona kalamu iliyo mkononi mwake ni ileile nyekundu.

Alipomaliza akajumlisha chini ya ukurasa wa mwisho. Bluu 19,400. Nyekundu 42,000.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa katikati kuna 22,600. Hizo umezitoa mfukoni mwako."

Nilishindwa kujibu. Kwa miezi 14 niliamini kwamba kadi zinaniingizia. Kila ujumbe wa "Hongera, umerudishiwa" ulipoingia kwenye simu nilimwonyesha mume wangu. Naandika haya kwa sababu naona watu wengi wanatafuta kadi ya kurudishiwa pesa kwa matumizi ya kila siku, na wanaulizana swali lilelile nililoanza nalo mimi: ipi inarudisha asilimia kubwa? Laiti mtu angenivuta pembeni siku ile akaniuliza maswali mengine mawili matatu. (Namba nitakazotaja ni za nyumbani kwetu. Sarafu weka yako, hesabu ni ileile.)

Nilianza hivi. Mfanyakazi mwenzangu alinionyesha kwenye simu yake pesa alizorudishiwa kwa kununua mafuta ya gari na vitu vya nyumbani ambavyo angevinunua hata hivyo. Jambo lenyewe lina mantiki: ukinunua kwa kadi, benki inakurudishia sehemu ndogo ya ulicholipa. Usiku huo nilifungua ukurasa wa kulinganisha kadi, nikazipanga kuanzia asilimia kubwa kwenda ndogo, nikachukua ya kwanza. Ilikuwa inarudisha 5%. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, paliandikwa yale maneno tuliyozoea kuyasikia yakisomwa harakaharaka mwishoni mwa kila tangazo: vigezo na masharti kuzingatiwa. Sikuzingatia. Nilibonyeza kukubali.

Ile 5% haikuwa ya kila kitu. Ilikuwa ya aina moja ya matumizi, na aina hiyo ilibadilika kila baada ya miezi mitatu. Ilibidi uingie kwenye programu ya simu na kujiandikisha upya kila inapobadilika, usipojiandikisha unapata 1% kama kawaida. Halafu ilikuwa na kikomo: matumizi ya 60,000 ya kwanza tu katika miezi hiyo mitatu ndiyo yalipewa 5%. Yaliyozidi hapo, 1%.

Robo ya kwanza ilikuwa ya vyakula vya nyumbani. Nilifurahi, maana sisi tunatumia kama 38,000 kwa mwezi kwenye vyakula. Nilipiga hesabu ya kichwani: 1,900 kila mwezi, bila jasho. Mwisho wa mwezi wa kwanza nikafungua programu nikakuta 380.

Nilipiga simu huduma kwa wateja nikiwa na hasira, nikidhani wamekosea. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Aliniuliza nilinunua wapi, nikamwambia: duka kubwa linalouza kila kitu, kuanzia unga hadi mapazia. Akaniambia sentensi ambayo nadhani ni muhimu kuliko zote nilizosikia kuhusu kadi hizi: "Dada, kadi haioni ulichonunua. Inaona uliponunua."

Ndivyo mfumo unavyofanya kazi. Kila mfanyabiashara anayepokea kadi hupewa msimbo wa tarakimu nne unaoonyesha aina ya biashara yake. Kwa mfano, 5411 ni maduka ya vyakula na supamaketi, 5541 ni vituo vya mafuta, 5812 ni migahawa, 5310 ni maduka ya bei nafuu yanayouza vitu mchanganyiko, na 5300 ni maghala ya jumla ya wanachama. Unga ule ule ukinunuliwa kwenye duka la 5411 ni chakula. Ukinunuliwa kwenye duka la 5310 si chakula, kwa macho ya benki. Na aliyepanga msimbo si wewe, wala si muuzaji aliyekaa kwenye kaunta. Umepangwa na benki inayomhudumia muuzaji, kulingana na biashara anayoifanya zaidi. Duka letu tulilolipenda, tulilolizoea, lenye maegesho na bei nzuri, halikuwa na msimbo wa chakula.

Kama unafikiria kadi yenye asilimia kubwa kwa aina fulani ya matumizi, fanya hivi kwanza: nunua kitu kidogo kwenye duka unalolitegemea, subiri muamala ukamilike, kisha angalia programu inauweka kwenye kundi gani. Kwa kadi yangu ilichukua siku tatu hivi. Mimi nilihamishia kwenye kadi manunuzi ya mwezi mzima kabla ya kujua.

Hata duka lingekuwa na msimbo sahihi, 5% haingekuwa 5%. Dada yangu mhasibu aliniandikia hesabu hiyo pembeni mwa karatasi. Vyakula vya miezi mitatu ni 114,000. Za kwanza 60,000 kwa 5% ni 3,000. Zilizobaki 54,000 kwa 1% ni 540. Jumla 3,540. Gawanya kwa 114,000: ni 3.1%. Hiyo ndiyo asilimia halisi ya familia yangu kwenye vyakula, kwa robo moja tu ya mwaka, nikijiandikisha kwa wakati. Robo ya pili nilisahau kujiandikisha hadi wiki tatu zikapita.

Lakini hayo yote yalinipotezea nilichotarajia tu; hayakunitoa pesa mfukoni. Kilichonitoa pesa kilianza na zawadi ya kukaribishwa.

Kadi iliahidi 5,000 kwa mteja mpya atakayetumia 250,000 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Matumizi yetu ya kawaida yalikuwa kama 62,000 kwa mwezi, yaani 186,000 kwa miezi mitatu. Tulipungukiwa 64,000. Nikaanza kutafuta cha kununua. Friji yetu ilikuwa nzima, inagandisha vizuri, mlango tu ulikuwa na mkwaruzo. Nilinunua friji mpya ya 70,000. Mume wangu aliniuliza kama tunaihitaji, nikamjibu kwamba tunapewa 5,000. Jibu lile lilikuwa la swali jingine kabisa, na wote wawili hatukuliona hilo.

Zawadi ilikuja kweli. Wiki hiyohiyo ikaja taarifa ya mwezi: tunadaiwa 118,000, na chini yake, kwa herufi nene zaidi, kiwango cha chini cha kulipa 5,900. Nilipoona 5,900 moyo ulitulia. Nililipa 60,000, mara kumi ya walichotaka, nikajiona mlipaji mwema. Zikabaki 58,000.

Hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu hili ndilo sikulielewa kwa karibu mwaka mzima. Kadi ya mkopo ikilipwa yote kufikia tarehe ya mwisho, manunuzi yake hayana riba. Kutoka siku unayonunua hadi tarehe hiyo unakuwa umekopa bure. Mimi nilidhani ukibakisha deni, riba inakaa kwenye kile ulichobakisha tu, na manunuzi mapya yanaendelea kuwa na siku zake za bure. Sivyo. Ukibakisha hata kidogo, kwa kadi nyingi, siku za bure zinaondoka kwa kila kitu. Mkate unaonunua Jumatatu unaanza kuhesabiwa riba Jumatatu. Na benki haihesabu riba mara moja mwisho wa mwezi: inachukua deni lako la kila siku, siku kwa siku, manunuzi mapya yakiwemo.

Riba ya kadi yangu ilikuwa 24% kwa mwaka. Kwa mwezi ni kama 2%. Sasa linganisha. Nikinunua kitu cha 10,000 narudishiwa 100, mara moja, basi. Deni la kitu hichohicho likikaa mwezi, natozwa 200. Likikaa mwezi wa pili, 200 nyingine, na riba ya juu ya riba. Hata ile 5% niliyoikimbilia, ambayo ingekuwa 500, inaliwa yote kwa miezi miwili na nusu. Hakuna kadi ya kurudishiwa pesa ninayoifahamu ambayo asilimia yake inaweza kushindana na riba yake yenyewe. Haikutengenezwa hivyo.

Ikaja ada ya shule, nayo nikaipitisha kwenye kadi ili nirudishiwe 1%. Yakaja matairi. Deni likapanda hadi karibu 150,000 na likakaa hapo. Kila mwezi tulilipa karibu sawa na tulichotumia mwezi huo, kwa hiyo lile la zamani halikutikisika. Na kwa kuwa mishahara inaingia na bili zinalipwa, nyumba haikuonekana kama nyumba yenye shida. Riba ilikuwa mstari mmoja tu kwenye ukurasa wa pili: 2,840. Mwezi mwingine 2,910. Pesa ya kurudishiwa ilikuwa ukurasa wa kwanza, kwa rangi ya kijani.

Nimelifikiria sana neno letu marejesho. Kwa yeyote aliyewahi kukopa, marejesho ni kile unachopeleka kila mwezi kwa aliyekukopesha. Matangazo ya kadi yanalitumia neno hilohilo kwa kile unachopokea. Kwa miezi 14 nilikuwa nikisikia "marejesho" nafikiria ya kuingia, wakati ya kutoka yalikuwa makubwa mara mbili. Nikikaa na mtu sasa akaniambia kadi yake ina marejesho mazuri, namuuliza: yapi?

Kuna jambo jingine ambalo halikuzungushiwa kalamu yoyote, maana halionekani kwenye taarifa. Mume wangu ndiye aliyeliona. Tulikuwa tunatoka dukani, akaniambia kwa upole tu: "Zamani ukifika kwa mhudumu ulikuwa unarudisha vitu viwili vitatu kabla ya kulipa. Siku hizi hurudishi." Ni kweli. Nilipokuwa nalipa taslimu nilikuwa nasimama kwenye foleni nikihesabu kichwani, naangalia kikapu, natoa sabuni ya pili, natoa pakiti ya biskuti. Mkono wangu ulikuwa unafanya hivyo wenyewe. Kadi iliuzoesha mkono kutofanya. Mwaka 2001 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili: waliwapa watu nafasi ya kutaja bei ya tiketi za mchezo, wengine wakiambiwa watalipa taslimu na wengine kwa kadi ya mkopo, na walioambiwa kadi walikuwa tayari kulipa zaidi sana, hadi kufika mara mbili. Nyumbani kwetu haikufika mara mbili. Lakini nilipolinganisha na mwaka uliotangulia, manunuzi ya dukani yalikuwa yamepanda kutoka 62,000 hadi karibu 80,000 kwa mwezi, na hatukuwa tumeongeza mtu nyumbani. Ukirudishiwa 1% ya pesa ambayo usingeitumia, umepoteza 99.

Kadi ya pili niliichukua mwezi wa sita, kwa hoja niliyoiona ya busara: ya kwanza inanichosha na kujiandikisha, hii inatoa 3% kwenye vyakula mwaka mzima. Ada yake ilikuwa 6,000 kwa mwaka. Sikukaa chini kuhesabu. Hesabu yenyewe ni ya dakika moja, na ningependa kila mtu aifanye kabla ya kulipia kadi ada: chukua ada, igawanye kwa tofauti ya asilimia kati ya kadi hiyo na ile usiyoilipia. Tofauti yangu ilikuwa 2%, kwa hiyo 6,000 gawanya kwa 0.02 ni 300,000. Yaani nilihitaji kununua vyakula vya 300,000 kwa mwaka kwenye maduka yenye msimbo unaokubalika, ili nirudi sifuri tu. Faida inaanzia baada ya hapo. Maduka yenye msimbo huo nilikuwa nikiyapelekea 15,000 kwa mwezi, 180,000 kwa mwaka. Nilirudishiwa ziada ya 3,600 kwa ada ya 6,000. Na tofauti ikiwa 1% tu, unahitaji kutumia mara mia ya ada. Wengi wetu hatufiki.

Kwenye kadi hiyohiyo ndipo nilipopigwa faini. Mwezi mmoja kiwango cha chini kilikuwa 2,700, nami nilikuwa na 2,900 za kurudishiwa zimekusanyika. Nikachagua zikatwe kwenye deni, deni likapungua kwa 2,900, nikaona nimeshalipa. Hapana. Masharti yalisema pesa ya kurudishiwa inapunguza deni lakini haihesabiwi kama malipo ya mwezi. Faini ya kuchelewa, 2,500. Nililia siku hiyo, si kwa sababu ya ukubwa wa pesa, ila kwa sababu nilikuwa nimejitahidi. Sasa kila nikisoma masharti ya kadi naanzia hapo: pesa ya kurudishiwa inatoka vipi? Inaingia kwenye akaunti ya benki, au inakatwa kwenye deni tu, au ni vocha za duka? Kuna kiwango cha chini kabla hujaruhusiwa kuichukua? Inaisha muda? Ukirudisha bidhaa dukani wanaichukua tena (hilo ni haki yao, na lilinitokea kwa viatu vya mtoto). Ukifunga kadi, iliyobaki inakwenda wapi?

Tozo ya fedha za kigeni nitaitaja kwa kifupi. Nilinunua kozi ya mtandaoni ya 60,000 kwa fedha za nje, kadi ikanitoza 3%, yaani 1,800, na kunirudishia 600. Kadi zisizotoza kitu hicho zipo. Na kama mashine ikikuuliza ulipe kwa fedha ya mahali ulipo au kwa fedha ya kwenu, chagua ya mahali ulipo, kwa maana ukichagua ya kwenu muuzaji na mtoa huduma wake ndio wanaopanga kiwango cha kubadilishia, na mara nyingi ni kibaya.

Jioni ile nilimuuliza dada swali ambalo nilipaswa kujiuliza kabla ya yote: pesa hii ya kurudishiwa inatoka wapi? Benki haina mti wa pesa. Alinieleza kwamba kila unapopitisha kadi, muuzaji anakatwa asilimia, na sehemu kubwa ya makato hayo inakwenda kwa benki iliyotoa kadi yako. Benki inakugawia kipande chake. Ndiyo maana Marekani, ambako makato hayo kwa kadi za mkopo hayajawekewa ukomo wa kisheria, kadi za aina hii zimestawi tangu kadi ya Discover ilipoanza kurudishia wateja pesa mwaka 1986. Na ndiyo maana nchi za Umoja wa Ulaya, ambako mwaka 2015 makato hayo yalishushwa hadi 0.3% kwa kadi za mkopo za watu binafsi, huwezi kutegemea kadi inayorudisha 2% kila mahali. Chungu ambacho benki inachota ni kidogo. Sehemu nyingine ya chungu ni riba za watu kama mimi. Niliyekuwa nalipa 2,840 kwa mwezi nilikuwa nachangia zawadi ya mfanyakazi mwenzangu, yule anayelipa deni lake lote kila mwezi.

Hili lina matumizi ya vitendo pia. Muuzaji akikuongezea tozo kwa kulipa na kadi, linganisha tozo hiyo na unachorudishiwa. Shule ya mtoto ilikuwa inaongeza 2.5% kwa malipo ya kadi, nami nilirudishiwa 1%. Nililifahamu hilo mezani, mbele ya dada, miezi minane baada ya kulipa. Wala halimo katika zile 42,000.

Kujitoa kulichukua miezi saba. Kadi zote mbili tuliziweka kwenye bahasha, mume wangu akaandika tarehe juu yake na kuitia sanduku la vyeti. Tulirudi kwenye taslimu na kadi ya kawaida ya benki, ile inayokata pesa iliyopo. Friji ya zamani, ambayo tulikuwa tumeihifadhi stoo, tuliiuza. Kila kilichobaki mwisho wa mwezi kilikwenda kwenye deni, tukianza na kadi yenye riba kubwa. Mwezi wa saba nililipa salio lote lililoandikwa kwenye taarifa, tukashangilia kama watoto. Mwezi uliofuata ikaja taarifa nyingine: 412. Nilidhani tumeibiwa. Kumbe riba iliendelea kuhesabiwa kati ya siku ya taarifa na siku niliyolipa, kwa hiyo kulikuwa na mkia. Ukifuta deni lililokaa muda mrefu, piga simu uulize kiasi kamili cha kulipa siku hiyohiyo, na angalia taarifa mbili zinazofuata kabla ya kusema umemaliza. Mkia wa 412 usipolipwa unazaa faini.

Kama uko kwenye deni la kadi sasa hivi, naomba unisikilize: usitafute kadi ya kurudishiwa pesa. Tafuta riba ndogo, au acha kutumia kadi kabisa hadi deni liishe. Nimeona watu wanachukua kadi mpya ili zawadi ya kukaribishwa isaidie kulipa deni la ile ya zamani. Nami niliwahi kulifikiria. Na kila ombi la kadi linaacha alama kwenye taarifa zako za mikopo, ambazo benki nyingine itazisoma siku utakapotaka mkopo wa nyumba.

Baada ya deni kuisha nilitaka kuachana na kadi moja kwa moja. Dada ndiye aliyenizuia. Alisema kadi haina kosa, ila nianze upande wa pili: nisitazame kadi, nitazame matumizi. Kwa miezi mitatu niliandika kila kitu kwenye daftari la shule la kurasa 96, safu tatu: nini, wapi, kiasi. Nilijifunza mambo ambayo sikuyategemea. Karibu theluthi ya matumizi yetu hailipwi kwa kadi kabisa. Mafuta ya gari, ambayo kichwani mwangu yalikuwa makubwa, yalikuwa 14,000 tu kwa mwezi. Na hakuna fungu moja linalozidi mengine kiasi cha kustahili kadi yake. Vyakula vyenyewe vimetawanyika kwenye maduka manne yenye misimbo tofauti.

Kwa nyumba ya namna hiyo, kadi inayotoa asilimia moja sawa kwa kila kitu, bila ada, bila kujiandikisha, bila kikomo, ndiyo inayofaa. Nilipata ya 2%. Kwenye ukurasa wa kulinganisha ilikuwa ya kumi na moja, mahali ambapo mwanzo nisingefika. Familia nyingine daftari lao litasema tofauti: anayeendesha gari kutwa nzima kwa kazi, kwa mfano, kadi ya mafuta inaweza kumlipa vizuri. Mimi niliipigia hesabu: 3% ya mafuta badala ya 2%, tofauti ni 140 kwa mwezi. Kwa 140 sitaki tarehe ya pili ya kukumbuka.

Siku kadi ilipofika, kabla sijanunua nayo chochote, niliweka malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti ya benki: salio lote la taarifa, kila mwezi. Programu ilikuwa na machaguo matatu, na la kwanza lililokuwa limeshawekwa alama lilikuwa kiwango cha chini. Likague kwa macho yako. Kikomo cha mkopo waliponipa 200,000 niliomba kishushwe hadi 90,000, kiasi ambacho mshahara mmoja unaweza kukibeba. Na tunakwenda dukani na orodha na kiwango kilichoandikwa juu yake, kana kwamba tuna noti mkononi. Matumizi ya kadi sasa ni kama 60,000 kwa mwezi. Tunarudishiwa 1,200, inaingia benki yenyewe. Kwa mwaka ni 14,400. Miezi 19 imepita, mstari wa riba unasoma sifuri, na mimi huufungua ukurasa wa pili kabla ya wa kwanza.

Ile kadi ya ada ya 6,000 niliifunga wiki mbili kabla ya ada ya mwaka uliofuata kukatwa. Kabla ya kupiga simu nilihamisha 840 zilizokuwa bado humo.

Wiki iliyopita mdogo wetu wa kiume alinitumia picha za kadi tatu, moja ya 6%, akitaka nimwambie ipi. Nimemwambia aje na taarifa za benki za miezi mitatu na aniambie kama ana deni lolote linalovuka mwezi. Amesema atakuja Jumamosi. Dada ameniachia kalamu zake.